Tiketi ya Watu Watatu

Katika nyumba ya Volkmar Ahlbrecht hakuna mtu aliyejinunulia tiketi ya treni mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa yake, na aliishika kama kasisi anavyoishika madhabahu. Majirani wa jengo lile, pale mjini Göttingen, walimwita Waziri wa Reli. Mjane wa ghorofa ya chini hakuwa akienda kwa mwanawe Leipzig pasipo kumgongea mlango kwanza. Na shemeji yake Harro, ambaye simu yake ilikuwa ile ya vibonyezo, isiyojua kazi nyingine ila kulia na kunyamaza, alikuwa hajawahi kupanda treni ambayo Volkmar hakumchagulia.

Kwa hiyo jioni ile ya mwezi wa Machi, mkewe Gesine alipokwisha kuondoa sahani za mkate na jibini, hakuna aliyeshangaa kumwona Volkmar akivaa miwani na kuifungua kompyuta juu ya meza.

"Haya, abiria," alisema. "Bremen, Ijumaa, baada ya wiki sita. Nani ana haraka, na nani ana fedha?"

"Mimi sina hata kimoja," akajibu Harro.

"Wewe huna hata soksi nzima, shemeji. Nyamaza ufundishwe."

Gesine alicheka. Alipenda kumwona mumewe katika hali ile, kwa sababu tangu astaafu katika ofisi ya upimaji wa ardhi yalikuwa machache yaliyomchangamsha.

"Njia ni tatu," Volkmar akaendelea. "Kwanza, treni ya mwendo kasi kwa tiketi ya mapema. Ukinunua leo ni euro kumi na tisa. Ukingoja mpaka siku moja kabla, ni themanini kwenda juu. Na imefungwa kwa treni yake moja. Ukiikosa, umebaki na karatasi. Pili, tiketi huru. Hiyo unapanda treni yoyote utakayo, saa utakayo, nayo ni ya wenye mali. Tatu, tiketi ya kundi. Treni za pole pole tu, na si kabla ya saa tatu asubuhi, lakini watu wote karatasi moja, siku nzima, kwenda na kurudi, kwa bei ya chakula cha mchana."

"Hiyo kumi na tisa si mbaya," Harro akasema.

"Si mbaya kwa mtu anayejua mapema anachokitaka."

"Tutachukua ya kundi," akasema Gesine. "Si kwa ajili ya bei. Nataka tufike pamoja."

Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Mama yao Gesine na Harro, Bibi Alwine, aliyekaa peke yake Bremen, alikuwa ameanguka mara mbili wakati wa baridi. Nyumba moja ya kulelea wazee ilikuwa imemwekea chumba, nayo ilitaka jibu Ijumaa ile, saa nane mchana, mbele ya bibi mmoja wa ofisi yao. Gesine hakutaka mama aende huko. Alitaka aje kukaa nao, katika chumba cha nyuma kinachotazama bustani. Jambo hilo walikuwa wamelizungumza mpaka likaisha. Volkmar mwenyewe alikuwa amesema, "Basi na aje." Harro, ambaye nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo, alikuwa amekubali kumhudumia mama yake Jumamosi na Jumapili. Lililobaki ni kwenda wote watatu, kusimama mbele ya yule bibi, na kusema hapana. Maana Bibi Alwine alikuwa na udhaifu mmoja: humkubalia yule aliye mbele yake. Akimwona mmoja peke yake, atasema ndiyo kwa lolote, na akishasema, harudi nyuma.

"Pamoja," Volkmar akasema, akaivua miwani yake. "Vizuri. Harro?"

"Pamoja," akasema Harro, akamtazama shemeji yake, kisha akaitazama bia yake.

Tiketi ya kundi haihitaji kununuliwa mapema, kwani bei yake haipandi wala haishuki. Lakini Gesine hakuwa mwanamke wa kuacha jambo likining'inia. Juma lile lile, kwa mara ya kwanza maishani, alikwenda mwenyewe kwenye mashine stesheni, akainunua kwa tarehe yake, akakaa mezani na kalamu ya wino, akaandika majina matatu katika nafasi zilizowekwa: lake, la mumewe, la ndugu yake. Kisha akaibana kwenye mlango wa jokofu kwa sumaku, ikakaa hapo wiki sita, kila mtu akiiona alipofuata maziwa.

Katika wiki hizo Volkmar alikipaka rangi chumba cha nyuma. Alichagua ile ya njano hafifu aliyoitaka Bibi Alwine kwa simu, akaung'oa ubao wa kizingitini ili mguu wa mzee usijikwae, akapigilia kishikio ukutani karibu na kitanda, akakining'inia kwa uzito wake wote ili kujaribu kama kitamhimili mtu. Gesine alisimama mlangoni akimtazama mumewe ananing'inia vile, mzee mzima, akamshukuru Mungu kwa mume aliyempa.

*

Ijumaa ilipofika Harro hakuonekana stesheni.

Gesine alimpigia simu, ikalia weee, haikupokelewa. Akapiga tena. Ubao uliokuwa juu ya jukwaa ulionyesha kwamba treni ilikuwa karibu kuingia.

"Amelala," Volkmar akasema. "Unamjua ndugu yako."

"Leo? Siku ya mama?"

"Hata siku ya harusi yake alilala."

"Tumngoje. Tuchukue treni inayofuata."

"Inayofuata itatufikisha baada ya saa nane, Gesine. Utamngoja Harro au utamwahi mama?"

Hapo akawajia mwanamke mwenye mbwa mdogo ndani ya kikapu, akawauliza kwa adabu kama walikuwa na nafasi katika tiketi yao. Angewachangia nauli mpaka Hannover. Watu wengi hufanya hivyo asubuhi pale jukwaani, wala si aibu.

"Samahani, dada," Gesine akajibu. "Nafasi ipo, lakini nimeshaandika jina kwa wino."

"Kwa wino!" Mwanamke yule akacheka. "Wewe mwenzangu unawaamini watu."

Wakapanda wawili. Treni ilisimama katika kila mji, na Gesine aliipa kila stesheni lawama yake kimoyomoyo. Volkmar alitoa mayai ya kuchemsha katika kikopo, akamenya moja, akalitia chumvi kutoka katika kijikaratasi alichokunja nyumbani, akampa mkewe.

"Kula."

"Sina hamu."

"Kula, mke wangu. Siku itakuwa ndefu."

Akala, kwa kuwa amepewa kwa upendo. Akazungumza juu ya mapazia, na kama kabati la mama lingepita mlangoni au lingefunguliwa vipande. Volkmar aliitikia, "Naam," na "Tutaona," macho yake yakiwa kwenye mashamba nje ya dirisha.

Mkaguzi wa tiketi alipokuja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliisoma karatasi na kuwahesabu.

"Nawaona wawili. Bwana Harro yuko msalani?"

"Amechelewa," Gesine akasema. "Labda atakuja na treni ya nyuma."

"Atakujaje, mama? Tiketi yake si hii unayo wewe?"

Abiria mmoja wa kiti cha pili alicheka puani. Gesine akaona haya, kama mtu aliyekamatwa na kosa, ingawa hakuwa na kosa lolote.

"Basi angenunua ya haraka," alisema baada ya mkaguzi kupita. "Kama angejali, angenunua."

"Ya haraka, siku hiyo hiyo?" Volkmar akasema. "Atoe wapi themanini, huyo?"

*

Mlango wa Bibi Alwine ulifunguliwa na Harro.

Alikuwa amevaa soksi tu, na makombo ya keki ya siagi yalikuwa kifuani mwake. Nyuma yake, juu ya meza ya sebuleni, vilikuwapo vikombe vitatu vya kahawa vilivyokwisha kunywewa, kimoja kikiwa na alama ya rangi ya midomo. Bibi Alwine aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, amevaa gauni la kanisani na bizimu yake ya fedha kifuani.

"Gesine?" alisema yule mzee, akajaribu kuinuka. "Mbona umekuja, mwanangu? Harro ameniambia umechoka. Ameniambia huwezi."

"Siwezi nini, mama?"

"Kunipokea. Usilie, sikulaumu. Nimeshatia sahihi. Yule bibi amekuja saa tatu, mtu mzuri, amekula keki. Nitahama mwisho wa mwezi."

Saa tatu. Saa ile ile ambayo Gesine alikuwa akipanda treni na kumkatalia mwanamke mwenye mbwa, kwa kuwa jina la Harro lilikuwa limeandikwa kwa wino.

"Harro," alisema polepole, "umefanya nini?"

"Ngoja, dada, usianze. Nisikilize kwanza." Harro aliinua mikono. "Jana jioni nimepigiwa simu. Yule bibi amesema hawezi saa nane, miadi imesogezwa mpaka saa tatu asubuhi. Ningefanyaje? Nyinyi mnalala mapema kama kuku. Nikasema, wacha nikimbie, nimwahi, nimzuie. Nimefika hapa, mama mwenyewe amesema anataka kwenda. Mimi nani nimkataze?"

"Jana jioni?"

"Jana jioni, haki ya Mungu."

Gesine alikuwa na moyo wa kutaka kuamini, nao ulianza kulijengea neno lile nyumba. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda lile neno la uchovu mama alilisikia vibaya. Labda miadi ilisogezwa kweli, na mama akamkubalia yule aliyekuwa mbele yake, kama kawaida yake. Angemlaumu ndugu yake kwa ujinga, na ujinga husameheka.

Ni Bibi Alwine aliyeibomoa nyumba hiyo, tena pasipo kukusudia. Alikuwa mwanamke wa zamani, asiyependa mtu atoe fedha kwa ajili yake. Akaanza kuutafuta mkoba wake chini ya mto.

"Na hiyo nauli ya haraka, mwanangu, si umeumia? Niambie kiasi gani nikurudishie."

"Weka mkoba wako, mama!" Harro akasema, uso wake ukang'aa. Kama watu wote wa nchi ile, alikuwa na kiburi kimoja kisichoweza kukaa kimya, kiburi cha mtu aliyepata tiketi rahisi. "Nimeumia wapi? Euro kumi na tisa! Kumi na tisa tu, toka Göttingen mpaka hapa, tena na kiti cha dirishani!"

Volkmar alikuwa ameketi mezani, akikichezea kijiko cha kahawa. Kijiko kile kiligonga kisahani mara moja.

"Kumi na tisa," alirudia Gesine.

"Kumi na..." Harro akaanza, kisha akaelewa alichokisema.

Gesine hakumtazama ndugu yake tena. Tiketi ya bei ile haipatikani jana jioni, wala juzi. Hununuliwa na mtu anayejua, majuma mengi mapema, anachokitaka. Tena huyu Harro hakuwa na simu ya kuinunulia, wala hajui kuitumia mashine, wala hajawahi kujichagulia treni maishani mwake. Gesine aligeuka polepole, akamtazama mumewe.

Waziri wa Reli alikuwa akikitazama kikombe kitupu kisicho chake.

*

"Lini?" Gesine aliuliza. Walikuwa jikoni, na mlango umefungwa.

"Gesine, tuzungumze nyumbani."

"Ulimnunulia lini?"

"Siku ya pili yake. Baada ya ile jioni."

"Na saa ya miadi, nani aliyeisogeza?"

"Mimi," akasema Volkmar.

"Siku ya pili," mkewe akasema. "Kwa hiyo rangi ulikuwa hujapaka bado. Ulinunua kwanza, ndipo ukapaka."

"Niliona bora ujue kwamba nilijitahidi."

"Kizingiti uking'oe. Kishikio ukipigilie, mpaka ukining'inie mbele yangu kama nyani. Nami nasimama hapo namshukuru Mungu! Ulikuwa ukicheka moyoni?"

"La, sikucheka. Nilikuwa naona aibu."

"Aibu gani hiyo isiyomzuia mtu? Na leo unanimenyea yai!"

Volkmar aliegemea sinki. Kwa mara ya kwanza alionekana mwenye umri wake wote.

"Sikuweza kukuambia," alisema. "Miaka arobaini nimefanya kazi. Nilitaka nyumba iliyotulia, basi. Si mgonjwa usiku, si dawa, si kengele. Na Harro naye hakutaka kufungwa Jumamosi na Jumapili zake. Nikajua nikisema hapana, utanitazama hivi unavyonitazama sasa."

"Hapana yako ningeivumilia, Volkmar. Ningekasirika, tungegombana, ningekununia mwezi mzima. Lakini ungekuwa bado mume wangu. Sasa nimeketi muda wa saa tatu na nusu katika treni ya pole pole, bega kwa bega na mtu nisiyemjua."

Alifungua mlango, akarudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama, umedanganywa. Sijachoka. Sikusema kwamba siwezi. Chumba chako kipo, rangi yake ni ile uliyoitaka. Hiyo sahihi yaweza kufutwa. Sheria inatupa siku kadhaa. Tutamwandikia yule bibi leo hii."

Bibi Alwine alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya kichwa cha bintiye. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia mlango wa jikoni ukifungwa, na alikuwa ameuona uso wa Harro.

"Volkmar," aliita. "Njoo hapa, mwanangu. Simama nikuone."

Volkmar akaja, akasimama mbele ya mkwewe.

"Nyumba ile ni yako. Mimi sina hasira nawe, nakuuliza tu, mzee na mzee mwenzake. Wanitaka?"

Lilikuwa swali la neno moja. Mtu aliyezijua njia zote za reli kutoka Bahari ya Kaskazini mpaka milimani, na bei zake, na saa zake, aligeuza macho dirishani. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Basi," akasema Bibi Alwine kwa upole. "Gesine, inuka, utaumia magoti. Siwezi kulala ndani ya rangi iliyopakwa hivyo. Sahihi yangu na ibaki."

*

Saa kumi jioni walikuwa stesheni ya Bremen, Volkmar na Harro mbele, Gesine nyuma yao hatua chache. Hakuna aliyemtaka aje. Alikuja kwa sababu tiketi ilikuwa ndani ya mkoba wake.

"Na wewe Harro, tiketi yako ya kurudi i wapi?" aliuliza walipofika chini ya ubao.

Harro alijikuna shingo. "Sikununua ya kurudi, dada."

"Kwa nini?"

"Si... si jina langu limo humo? Shemeji aliniambia, ya nini kutupa fedha mara mbili."

Volkmar alifumba macho. Hata yeye, nadhani, hilo lilimchoma.

Gesine aliifungua karatasi ile. Bado ilikuwa na alama ya duara ya ile sumaku ya jokofu. Alilisoma jina la kwanza, la pili, na la tatu, yote kwa mwandiko wake mzuri wa shule, kisha akaitia karatasi mkononi mwa mumewe.

"Ni kweli, limo," alisema. "Nililiandika mwenyewe. Rudini pamoja."

"Na wewe?"

"Mama ana sanduku la kufunga na vyombo vya kugawa."

"Kwa siku ngapi? Gesine, niambie siku, nikutafutie treni. Nikinunua leo naweza kukupatia..."

Akakoma mwenyewe, maana aliyasikia maneno yake. Mkewe alikuwa ameshawapa kisogo.

Alikwenda mpaka kwenye dirisha la tiketi, lile lenye mtu hai ndani yake, akangoja zamu yake nyuma ya watalii wawili. Maishani mwake hakuwa amewahi kusimama pale. Karani, mwanamke wa makamo aliyejifunga skafu, alimwinulia macho.

"Niambie, mama."

"Kwenda Göttingen. Nataka ile tiketi huru. Ile ambayo mtu hafungwi na treni yoyote."

"Hiyo ni ghali sana, mama. Ukiniambia siku na saa, nitakutafutia ya rahisi."

"Sijui siku, wala saa." Kisha akaongeza, kana kwamba jambo hilo alikuwa amelijua muda huo huo, "Wala sijui kama nitakwenda."

Karani aliiweka kalamu yake chini. Alimtazama kwa makini, kama wanavyotazama wanawake wanaokaa siku nzima madirishani na kuwaona watu wengi wakiondoka.

"Basi hiyo haina haja ya kununuliwa mapema," alisema. "Utaikuta hapa hapa siku yoyote. Hiyo haiishi, wala haimharakishi mtu."

"Ahsante," akasema Gesine.

Juu yao kipaza sauti kilitangaza treni ya pole pole ya kwenda Hannover. Aliufunga mkoba wake, akatoka kwa mlango wa mbele, akangoja tramu ya kumrudisha kwa mama yake.